Kuisoma Tabianchi ya Taifa: Namba za Mvua na Joto za Tanzania na Maana Yake

Kila taifa huweka hesabu za mambo yake makuu, zikiwemo hesabu za watu, za fedha na za mavuno. Miongoni mwa hesabu hizo ipo moja ambayo wananchi husomewa kila siku baada ya taarifa ya habari, ingawa ni wachache wanaofahamu jinsi inavyopatikana na jinsi inavyopaswa kusomwa, nayo ni kumbukumbu ya mvua, joto, upepo na unyevunyevu wa hewa. Katika nchi kama Tanzania, ambamo watu walio wengi huishi kwa kilimo na ufugaji, ambamo bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115 hutegemea maji ya Mto Rufiji, na ambamo miji mikubwa imejengwa ufukweni mwa bahari na maziwa, kumbukumbu hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa daraja, kina cha mtaro, aina ya mbegu na tarehe ya kupanda.

Mabadiliko ya tabianchi nchini Tanzania ni ya kweli na yanapimika, lakini hayajidhihirishi kwa kiwango kimoja katika kila namba. Joto linayaonyesha waziwazi, ilhali mvua humtaka msomaji awe na subira, atazame mahali, msimu, miaka ya rejea na mtawanyiko wa siku za mvua kabla ya kutoa hukumu. Asiyefanya hivyo huishia katika moja ya makosa mawili: kukana kwamba kuna jambo lolote linalobadilika, au kulitupia badiliko hilo lawama ya kila mafuriko na kila ukame, hata ule ambao sababu yake iko kwingine.

Hali ya hewa na tabianchi

Hali ya hewa ni mambo yanayotokea angani mahali fulani kwa muda mfupi, kama vile mvua ya leo alasiri, joto la mchana huu au upepo wa usiku wa kuamkia kesho. Tabianchi ni mwenendo wa hali hiyo kwa miaka mingi, yaani kiasi cha mvua ambacho mahali hapo hupata kwa kawaida, miezi ambayo mvua hizo hunyesha, na tofauti inayozoeleka kati ya mwaka mmoja na mwingine. Siku moja ya baridi kali mjini Njombe haikanushi ongezeko la joto, wala siku moja ya mvua kubwa Tanga haithibitishi mabadiliko ya tabianchi, kwa kuwa tabianchi haipimwi kwa siku moja.

Ili nchi zote zilinganishe mambo kwa kipimo kimoja, Shirika la Hali ya Hewa Duniani, lililoanza mwaka 1950, limeweka utaratibu wa kutumia wastani wa miaka 30. Wastani huo ndio unaoitwa wa kawaida, na kipindi kinachotumika sasa kwa shughuli za kila siku ni cha mwaka 1991 hadi 2020, huku kile cha 1961 hadi 1990 kikihifadhiwa kwa ajili ya kupima mabadiliko ya muda mrefu. Kwa hiyo, taarifa inaposema kwamba mvua zitakuwa za wastani, za juu ya wastani au za chini ya wastani, maana yake ni kwamba zinalinganishwa na kile ambacho eneo hilohilo, katika miezi hiyohiyo, lilikipata katika kipindi cha rejea, na si kwamba zinalinganishwa na mvua za mwaka jana au za mkoa wa jirani.

Mchagua kipindi cha rejea huchagua pia sehemu ya jibu. Kwa kuwa dunia imekuwa ikipata joto, kipindi cha 1991 hadi 2020 chenyewe tayari kimebeba sehemu ya ongezeko hilo, hivyo mwaka uliozidi wastani huo kwa nusu nyuzijoto huonekana umezidi kwa kiasi kikubwa zaidi ukilinganishwa na kipindi cha 1961 hadi 1990. Namba zote mbili zinaweza kuwa sahihi, na kosa liko kwa mwandishi anayezitoa bila kutaja msingi wake.

Namba inavyozaliwa

Historia ya upimaji huu katika Afrika Mashariki ni ndefu. Huduma ya hali ya hewa ya Uingereza kwa eneo hili iliundwa mwaka 1929, ikaendelea kama idara ya pamoja ya nchi za Afrika Mashariki, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilibaki na sehemu yake. Tanzania iliunda kurugenzi yake mwaka 1978, ikaigeuza kuwa wakala mwaka 1999, na mwaka 2019 sheria mpya ikaanzisha Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, inayofahamika zaidi kwa kifupi cha TMA.

Chanzo cha namba nyingi za mvua ni chombo kisicho na makuu. Kipimamvua cha kawaida kilichorithiwa kutoka mfumo wa Kiingereza ni mtungi wa bati wenye mdomo wa duara wa kipenyo cha milimita 127, uliowekwa mahali pa wazi, mbali na paa na miti, na ndani yake pana faneli inayoyapeleka maji kwenye chupa. Saa 3 asubuhi kila siku, mpimaji huyamimina maji hayo katika gilasi nyembamba yenye alama, husoma kiwango kwa jicho lililo usawa wa maji, kisha huandika namba katika daftari. Milimita 1 ya mvua huleta katika mdomo huo takribani mililita 12.7 za maji, kiasi kisichojaza hata kijiko kikubwa cha mezani, na ndiyo maana gilasi huwa nyembamba ili tofauti ndogo ionekane. Milimita hiyohiyo 1 ni lita 1 ya maji katika kila mita ya mraba ya ardhi, kwa hiyo mvua ya milimita 25 iliyonyesha juu ya ekari moja ya shamba imeleta zaidi ya lita 100,000. Mpimaji akikosea kwa milimita chache, kosa hilo humfuata kila atakayeitumia namba hiyo, awe mhandisi wa barabara au bwana shamba.

Joto nalo lina taratibu zake. Vipimajoto huwekwa ndani ya kisanduku cheupe cha mbao chenye miguu, ambacho kuta zake ni vibao vilivyoinamishwa ili vipitishe hewa na kuzuia jua, kwa sababu kinachotafutwa ni joto la hewa na wala si joto la chuma kilichopigwa na jua. Kipimajoto kimoja hushikilia kiwango cha juu kabisa kilichofikiwa mchana, kingine hushikilia kiwango cha chini kabisa kilichofikiwa usiku au alfajiri, na wastani wa viwango hivyo viwili ndio unaochukuliwa kwa desturi kuwa joto la siku. Siku hizi vituo vingi vinaongezewa mitambo inayojiendesha, ambayo hupima kila baada ya dakika chache na kutuma namba moja kwa moja. Mitambo hiyo imeleta faida kubwa, lakini imeleta pia wajibu mpya, kwani chombo kipya na cha zamani havisomi sawasawa kabisa, na inabidi vifanye kazi pamoja kwa muda ili tofauti yao ijulikane.

Hapo ndipo lilipo tatizo ambalo wasomaji wengi hawalioni. Kituo kilichowekwa miaka ya 1950 katika uwanja wenye nyasi, pembezoni mwa mji, kinaweza leo kuwa kimezungukwa na lami, maghorofa na magari, navyo vyote hivyo hutunza joto la mchana na kulitoa usiku. Kituo kingine kinaweza kuhamishwa kwenda upande wa pili wa kilima, na mti uliopandwa jirani unaweza kukua na kukinga kipimamvua. Badiliko la namna hiyo huonekana katika namba kama badiliko la tabianchi, ingawa si la tabianchi. Ndiyo sababu wataalamu huhitaji historia ya kila kituo, inayoeleza kilikuwa wapi, kilitumia chombo gani na kilihama lini, na hukilinganisha na vituo vya jirani kabla ya kuziamini namba zake za miaka 50 au 60.

Mvua: jumla haitoshi

Tanzania haina msimu mmoja wa mvua unaofanana nchi nzima. Ukanda mvua, yaani eneo ambamo pepo za kaskazini na za kusini mwa dunia hukutana na kusukuma hewa yenye mvuke kwenda juu, hulifuata jua likielekea kusini na kurudi kaskazini. Kwa sababu hiyo Kanda ya Ziwa Victoria, nyanda za juu kaskazini mashariki, pwani ya kaskazini na visiwa vya Unguja na Pemba hupata mvua mara mbili kwa mwaka, yaani vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei. Mikoa ya kati, ya magharibi na ya kusini, kama vile Dodoma, Singida, Tabora, Mbeya, Ruvuma na Mtwara, hupata msimu mmoja mrefu kuanzia Novemba hadi Aprili.

Kutokana na tofauti hiyo, wastani wa mvua wa taifa zima ni namba inayohitaji tahadhari. Kaskazini ikipata mvua za juu ya wastani na kusini ikapata za chini ya wastani, namba ya taifa inaweza kusema kwamba mwaka ulikuwa wa kawaida, wakati hapakuwa na mkoa hata mmoja uliopata mwaka wa kawaida. Vivyo hivyo, jumla ya mwaka inaweza kuficha vuli iliyokosekana na masika iliyofurika. Kwa mkulima wa Muheza au wa Karagwe jumla ya mwaka ina faida ndogo, na anachohitaji ni namba ya msimu wake katika kanda yake.

Hata ndani ya msimu mmoja, jumla haijitoshelezi. Chukua vijiji viwili vilivyopata milimita 300 kila kimoja katika masika. Kijiji cha kwanza kilipata milimita 10 kwa siku 30 zilizotawanyika vizuri, ilhali cha pili kilipata milimita 75 kwa siku 4 tu, nayo ni mvua ya kuzidi milimita 50 ndani ya saa 24, ambayo kwa kigezo cha TMA huhesabiwa kuwa mvua kubwa. Katika daftari la jumla vijiji hivyo vimelingana. Shambani, kijiji cha kwanza kimevuna, na cha pili kimepoteza udongo wa juu kwa mmomonyoko na baadaye mahindi yake yamekauka wakati wa kutoa mbelewele. Kwa hiyo, anayetaka kujua kama mvua zimebadilika lazima aulize pia idadi ya siku za mvua, urefu wa vipindi vya ukavu katikati ya msimu, nguvu ya mvua ya siku moja, na tarehe za kuanza na kuisha kwa msimu.

Tarehe ya kuanza kwa mvua nayo ina masharti. Wataalamu wa Afrika Mashariki hutumia vigezo kama vile kupatikana kwa milimita zipatazo 20 ndani ya siku 3 zinazofuatana, bila kufuatiwa na ukavu mrefu katika wiki zinazokuja. Sharti hilo la pili ndilo linalotofautisha mvua ya kupandia na mvua ya kudanganya, ambayo huotesha mbegu kisha ikaiacha miche ikifa kwa kiu. Malalamiko ya wakulima wengi kwamba misimu haitabiriki kama zamani yanahusu jambo hili hasa, na ni jambo linaloweza kupimwa iwapo kumbukumbu za kila siku zimetunzwa.

Somo la Ziwa Victoria

Njia rahisi zaidi ya kupotosha kwa takwimu za kweli ni kuchagua mwaka wa kuanzia. Ziwa Victoria linatoa mfano ulio wazi. Mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru wake tarehe 9 Desemba, vuli ilikuwa na mvua nyingi mno katika Afrika Mashariki yote, na kati ya mwaka huo na 1964 kina cha ziwa kilipanda kwa takribani mita 2. Baada ya hapo kilishuka polepole kwa miongo kadhaa, kikafika chini sana mwishoni mwa mwaka 2006. Mei 2020 kilikuwa kimepanda tena hadi kuifikia na kuizidi kidogo rekodi ya 1964, na watu wengi wa kandokando ya ziwa, katika Tanzania, Kenya na Uganda, walihama makazi yao.

Mtu akichora mchoro wake kuanzia 1964 hadi 2006, atawaonyesha watu ziwa linalokauka. Akiuchora kuanzia 2006 hadi 2020, atawaonyesha ziwa linalofurika. Namba za pande zote mbili ni za kweli, lakini ni mchoro mrefu tu unaoonyesha kwamba ziwa hili hupanda na kushuka kwa kiasi kikubwa, na kwamba ukame na mafuriko vimekuwepo tangu zamani. Zaidi ya hayo, kushuka kwa miaka ya 2005 na 2006 kulitokana na mambo mawili kwa pamoja, yaani ukame na maji mengi yaliyofunguliwa katika mabwawa ya umeme ya Jinja, nchini Uganda. Kwa hiyo hata pale ambapo badiliko limethibitika, swali la kilichosababisha hubaki kuwa swali la peke yake linalodai ushahidi wa peke yake.

Bahari mbili na gesi moja

Sababu kubwa ya kupishana kwa mvua za Tanzania kati ya mwaka na mwaka iko baharini. El Nino ni hali ya maji ya juu ya Bahari ya Pasifiki, katika eneo la ikweta, kuwa na joto kuliko kawaida, na La Nina ni kinyume chake. Bahari ya Hindi nayo ina mpindukio wake, ambao wataalamu huuita dipoli ya Bahari ya Hindi. Maji ya upande wa Afrika Mashariki yanapopata joto kuliko yale ya upande wa Sumatra, mvuke mwingi hupanda karibu na pwani ya Afrika Mashariki na vuli huwa na mvua nyingi, na hali hiyo inapogeuka vuli hupungua. Vuli kubwa za 1961, 1997 na 2019 zilikuwa na dipoli yenye nguvu, na mwaka 2023 dipoli na El Nino zilikuja pamoja. Desemba 3 ya mwaka huo, maji na tope kutoka Mlima Hanang viliifunika sehemu ya mji wa Katesh mkoani Manyara na kuua makumi ya watu. Kabla yake, La Nina ilikuwa imerudi kwa misimu mitatu mfululizo kuanzia 2020, mifugo ikafa kwa ukame katika maeneo ya kaskazini, na Oktoba 2022 maji ya Mto Ruvu yakapungua hadi jiji la Dar es Salaam likaingia katika mgawo wa maji.

Kupanda na kushuka huko ni kwa asili, na kungekuwepo hata kama binadamu asingechoma lita moja ya mafuta. Kilichoongezeka juu yake ni athari ya gesijoto, yaani gesi zinazozuia sehemu ya joto la ardhi lisitoroke kwenda angani, ambazo kubwa yake ni hewa ukaa itokanayo na kuchomwa kwa makaa ya mawe, mafuta na misitu. Kabla ya mapinduzi ya viwanda hewa ukaa ilikuwa takribani sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa, na sasa imezidi 420. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi lilieleza mwaka 2021 kwamba joto la dunia katika muongo wa 2011 hadi 2020 lilikuwa limezidi lile la 1850 hadi 1900 kwa takribani nyuzijoto 1.1 za Selsiasi. Mchango wa bara zima la Afrika katika gesi zinazotolewa kila mwaka ni chini ya asilimia 5, ukweli ambao hauna budi kukumbukwa kila inapojadiliwa ni nani anapaswa kulipia gharama.

Kipimo cha joto ndicho kinachoongea kwa sauti kubwa zaidi. Tofauti na mvua, joto halibadiliki sana kati ya mwaka na mwaka, hivyo ongezeko dogo linaloendelea kwa miongo mingi hutambulika upesi. Nchini Tanzania joto la wastani limepanda kwa takribani nyuzijoto 1 tangu mwaka 1960. Matokeo yake yameonekana hadi shambani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ulioyaweka pamoja mavuno ya kahawa aina ya arabika ya Tanzania na kumbukumbu za hali ya hewa tangu miaka ya 1960, ulibaini kwamba joto la usiku ndilo lililohusiana zaidi na kushuka kwa mavuno, na kwamba kila joto la chini la usiku linapopanda kwa nyuzijoto 1, hekta moja hupoteza takribani kilo 137 za kahawa kwa mwaka. Ugunduzi huo usingewezekana kama kwa nusu karne wapimaji wa vituo vya Kilimanjaro na kwingineko wasingekuwa wakisoma vipimajoto vyao kila asubuhi.

Theluji ya Mlima Kilimanjaro ni alama inayotajwa zaidi, na ni kweli kwamba asilimia 85 ya barafu iliyokuwepo kileleni mwaka 1912 ilikuwa imetoweka kufikia 2007. Hata hivyo, barafu ya kilele kile imeathiriwa pia na kukauka kwa hewa na kupungua kwa theluji mpya, mambo yaliyoanza mwishoni mwa karne ya 19. Anayetafuta ushahidi wa joto nchini ana ushahidi ulionyooka zaidi katika daftari za vituo kuliko katika picha za kileleni.

Kuhusu mvua, sayansi inazungumza kwa uangalifu zaidi. Hewa iliyopata joto kwa nyuzijoto 1 huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, kwa hiyo mvua inaponyesha huwa na maji mengi ya kumwaga. Watafiti wa kimataifa waliochunguza mvua za Oktoba hadi Desemba 2023 katika Kenya, Somalia na Ethiopia walikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yalizifanya ziwe na nguvu hadi mara 2, wakati mvua za Machi hadi Mei 2024 katika Afrika Mashariki walizikadiria kuwa ziliongezewa nguvu kwa asilimia 5 tu. Upo pia utata ambao wataalamu hawajaumaliza: masika ya Afrika Mashariki kwa ujumla yalipungua tangu miaka ya 1980, ilhali mifumo mingi ya kompyuta inayokisia tabianchi ya baadaye inaonyesha kwamba mvua zitaongezeka. Utata wa namna hii si sababu ya kuitilia shaka sayansi yote. Ni sababu ya kuongeza vipimo.

Vimbunga vinadai uangalifu mkubwa zaidi, kwa kuwa ni vichache mno. Unguja ilipigwa na kimbunga Aprili 1872, Lindi Aprili 1952, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Kwa matukio yaliyoachana namna hiyo haiwezekani kuchora mwelekeo, lakini inawezekana kabisa kujenga kwa kuzingatia kwamba yanatokea.

Mapengo na namna ya kuyaziba

Kumbukumbu zikikatika, taifa hupoteza uwezo wa kujifahamu. Rwanda iliona jambo hilo kwa uchungu, kwani baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 vituo vyake vingi viliacha kufanya kazi, na pengo hilo likadumu kwa takribani miaka 15. Njia iliyotumika kulipunguza ni kuunganisha namba za vituo vilivyosalia na makadirio ya setilaiti, ambazo hutazama mawingu kutoka juu na kukisia mvua iliyonyesha chini. Tanzania nayo imetumia njia hiyo ili kupata ramani za mvua na joto za maeneo yasiyo na vituo.

Setilaiti, hata hivyo, haimwondoi mpimaji. Makadirio yake ya mvua kwa eneo hili yanaanza miaka ya 1980, hupungukiwa usahihi penye milima na pwani, na husahihishwa kwa kulinganishwa na kipimamvua kilichoko ardhini. Vituo vikipungua, usahihi wa setilaiti nao hupungua. Zaidi ya hapo, kumbukumbu nyingi za miongo ya mwanzo bado ziko katika karatasi, na karatasi huliwa na mchwa, hulowa na kufutika. Kuziingiza katika kompyuta mapema ni kazi ya uokoaji halisi.

Utabiri wa msimu na maana ya asilimia

Matumizi ya kumbukumbu hizi yanayomfikia mwananchi moja kwa moja ni utabiri wa msimu. Kabla ya kila msimu mkuu wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki hukutana chini ya kituo cha kikanda cha tabianchi, ICPAC, chenye makao nchini Kenya, utaratibu uliodumu tangu 1998, kisha TMA hutoa utabiri wa kina kwa kanda za Tanzania. Misimu yote ya kipindi cha rejea hupangwa kutoka yenye mvua chache hadi yenye mvua nyingi, halafu hugawanywa katika mafungu matatu yaliyo sawa, yaani chini ya wastani, wastani na juu ya wastani. Kabla ya kujua lolote, kila fungu lina uwezekano wa asilimia 33 hivi.

Tuseme utabiri unasema kwamba kanda fulani ina uwezekano wa asilimia 45 wa mvua za chini ya wastani, asilimia 35 za wastani na asilimia 20 za juu ya wastani. Wengi husikia kwamba mvua zitakuwa chache, na zikija nyingi husema kwamba wataalamu wamedanganya. Utabiri huo ulisema kwamba katika misimu 100 yenye dalili kama hizo, takribani 20 huwa na mvua nyingi. Mkulima mwenye busara huutumia kwa kugawa hatari: sehemu kubwa ya shamba hupanda mbegu zinazokomaa mapema au mtama, na sehemu ndogo huiachia zao linalotaka maji mengi. Halmashauri nayo husafisha mitaro hata pale ambapo uwezekano wa mvua kubwa ni mdogo, kwa sababu gharama ya kuzibua mtaro ni ndogo kuliko gharama ya kuzika watu.

Wajibu wa msomaji na wa taifa

Msomaji anayekutana na habari yoyote ya tabianchi anaweza kujilinda kwa maswali machache. Namba hii ni ya mahali gani na ya msimu gani? Imelinganishwa na miaka ipi? Inazungumzia jumla au mtawanyiko? Mchoro umeanzia mwaka gani, na kwa nini mwaka huo? Na je, sababu iliyotajwa imepimwa, au imedhaniwa tu? Maswali hayo hayahitaji shahada, na mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuyafundisha kwa kipimamvua kimoja, daftari na rula.

Serikali, halmashauri na mashirika yanayofadhili miradi nayo yana wajibu wao. Mradi wa mitambo mipya usiotengewa fedha za matengenezo, vipuri na mishahara ya wapimaji hufa baada ya miaka michache na kuacha pengo jingine katika kumbukumbu. Kipindi cha rejea kijacho cha miaka 30 kitakuwa cha 2001 hadi 2030, na kila asubuhi ambayo kipimamvua hakisomwi kati ya sasa na wakati huo ni namba itakayokosekana daima, kwa kuwa mvua ya jana haiwezi kupimwa kesho. Kuvitunza vituo, kuziokoa karatasi za zamani na kuwafundisha wananchi kuzisoma namba hizi ni kazi inayopaswa kuanza katika bajeti ya mwaka huu.